Uchambuzi wa kisa: simu ya laki mbili na thelathini iliyojaa kabla ya kuchoka

Mimi ni fundi simu, nina meza yangu hapa Dar, na kisa hiki ni cha mteja mmoja aliyeniletea simu akiwa ameshaamua kuitupa. Jina lake, mtaa wake, duka alilonunua na aina ya simu nimeviondoa vyote, maana kilichompata kingempata mtu yeyote mwenye simu ya bei hiyo. Bei na mfuatano wa mambo nimeviacha vilevile alivyonisimulia na nilivyoona mwenyewe. Nimeandika kwa sababu watu wengi wanaogopa simu ya bei chee kwa sababu zisizo zenyewe, wanauliza betri, wanauliza kioo, wakati kinachoiua kwanza ni nafasi ya kuhifadhi vitu.

Mteja na kazi yake

Ni mama wa makamo, anauza vitenge na khanga akiwa nyumbani. Hana fremu. Anafuata mzigo Kariakoo kwa jumla, anapiga picha, anaweka stetasi ya WhatsApp, mteja akichagua anatuma hela kwa simu na bodaboda anapeleka mzigo. Kwa hiyo simu ndio duka lake, ndio kaunta na ndio daftari la madeni pia.

Alikuwa na simu ya zamani aliyorithi kwa mwanawe, Android 4.4. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp wakaacha kuhudumia simu zilizo chini ya Android 5, duka likafungwa siku hiyohiyo. Bahati nzuri zamu yake ya mchezo, ule wa kuchangiana hela na kupokezana, ilikuwa imefika, akapokea hela yake, akatenga 250,000 kwa ajili ya simu na hakutaka kuzidi hapo hata kidogo kwa sababu iliyobaki ilikuwa ya mzigo.

Siku ya kununua

Mbele yake kulikuwa na njia nne. Ya kwanza simu mpya ya 230,000, hifadhi GB 32, boksi limeandikwa RAM GB 4, yaani kumbukumbu ambayo simu inaitumia kuendeshea aplikesheni. Ya pili simu mpya ya kampuni ileile, hifadhi GB 64 na RAM GB 3, 265,000. Ya tatu used ya Dubai, simu iliyokuwa ya bei kubwa miaka kadhaa nyuma, 240,000, gwarantii wiki moja. Ya nne mkopo, kianzio 50,000 halafu 1,200 kila siku kwa siku 360, ukikosa kulipa simu inajifunga.

Mkopo aliukataa palepale na alikuwa sahihi, maana piga hesabu: 1,200 mara 360 ni 432,000, weka na kianzio inakuja 482,000 kwa simu ambayo keshi ni 230,000, halafu kwa mtu ambaye simu ndio duka, siku biashara imekuwa mbaya akakosa ile 1,200 ndio siku hiyohiyo duka linafungwa na hawezi kuuza ili alipe. Used nayo akaiacha kwa sababu jirani yake aliuziwa moja, ikafa betri mwezi wa nne na hakukuwa na wa kumlalamikia.

Zikabaki mbili mpya. Akaniambia hivi, "Fundi, mimi niliona moja ina RAM nne na nyingine tatu, na ile ya nne ndio rahisi, nyuma ina kamera tatu, sasa mtu mwenye akili anachukua ipi?" Na kweli, kwa maandishi ya kwenye boksi alichagua vizuri. Shida ni kwamba ile nne haikuwa nne. Ilikuwa RAM GB 2 ya kweli, halafu mbili nyingine simu inakopa kutoka kwenye hifadhi na kuiita RAM. Maandishi ya 2+2 yalikuwepo pembeni kwa herufi ndogo.

Kitu kingine kilichofanyika dukani siku hiyo, kidogo sana lakini kikaja kuuma baadaye. Kijana wa dukani alimsaidia kuwasha simu, akamfungulia Gmail mpya, akaweka paswedi anayoijua yeye, akamkabidhi simu. Mama hakujua hata kwamba ana Gmail.

Miezi mitatu mizuri halafu oda ya doti 14

Mwanzo simu ilikuwa raha. Chaji ya asubuhi inafika usiku, maana betri ilikuwa mAh 5000 na simu yenyewe skrini yake haina mambo makubwa. Kuchaji ilichukua masaa matatu hivi kwa sababu inapokea wati 10 tu, ila yeye alikuwa anachaji usiku kwa hiyo hakujali.

Mwezi wa nne tangu anunue ikaanza kuganda. Anabonyeza kamera, skrini nyeusi sekunde tano, mteja yuko hewani anasubiri picha. Akifungua WhatsApp akitoka kwenda kuangalia salio akirudi WhatsApp inaanza upya kama ndio ameiwasha. Mwezi wa tano ikaanza kumwambia nafasi imejaa, akawa anafuta picha za wajukuu ili apate nafasi ya picha za vitenge, yaani kila siku anafuta na kila siku imejaa.

Halafu mwezi wa sita likatokea la kuumiza. Mteja mmoja alitaka sare ya sendofu, doti 14 za kitenge cha aina moja. Akatuma meseji saa sita mchana kuuliza kama mzigo upo. Meseji haikulia. Mama aliiona saa mbili usiku alipofungua WhatsApp mwenyewe, zikamiminika meseji zote za mchana kwa mpigo, yule mteja alishanunua kwingine saa tisa. Faida yake kwenye doti moja ilikuwa 5,000, kwa hiyo pale imeondoka 70,000.

Akadhani ni mtandao. Akabadilisha laini, akanunua bando kubwa zaidi. Hali ileile.

Kuflashi

Akaenda kwa fundi wa kwanza, akaambiwa simu ina virusi, dawa ni kuflashi, yaani kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya, 20,000. Fundi akaisafisha yote. Ilipowaka ikaomba ile Gmail iliyokuwepo kabla, na hapo ndio mama akajua kumbe kuna Gmail na kumbe paswedi anayo kijana wa dukani ambaye alishaacha kazi. Fundi akahangaika akaivusha hiyo hatua. Simu ikafunguka, tupu kabisa. Namba za wateja ambazo hazikuwa kwenye laini zimekwenda, daftari la madeni lililokuwa ndani ya chati limekwenda, picha zimekwenda.

Simu ikawa nyepesi kwa wiki kama saba. Halafu ikarudi kulekule.

Nikisema ukweli hii hatua ndio inaniuma kuliko zote kwenye kisa hiki. Kuflashi kuna kazi yake, simu ikigoma kuwaka au mfumo ukiharibika. Ila simu iliyojaa kwa sababu ya matumizi ukiiflashi umefagia nyumba huku bomba linaendelea kumwaga maji. Na kumflashia mfanyabiashara bila kumuuliza una bakapu wapi, ile nakala ya akiba ya vitu vyake, hilo ni kosa la ufundi.

Ilivyofika mezani kwangu

Swali lake la kwanza lilikuwa kama simu ni feki. Watu wengi Dar bado wanakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia, kwa hiyo simu ikiwa nzito wanawaza hivyo. Nikabonyeza *#06#, ikatoa IMEI, namba ya utambulisho wa simu, nikaituma kwa meseji kwenda 15090, jibu likarudi na jina la kampuni na modeli ileile iliyo mkononi. Simu halali. Uzito na ufeki ni vitu viwili tofauti.

Nikafungua setingi upande wa hifadhi. GB 31 kati ya 32 zimetumika. Nikaanza kuzichambua pamoja naye akiwa amekaa hapo pembeni, kwa sababu nilitaka aone kwa macho yake:

Mfumo wenyewe karibu GB 11. WhatsApp GB 10. Aplikesheni GB 5. Picha na video za kamera GB 3. Ile RAM ya kukopa GB 2.

Kwa hiyo unaponunua simu ya GB 32, tangu siku ya kwanza ni kama umenunua ya 20. Na hizo aplikesheni GB 5 yeye hakuziweka, nyingi zilikuja na simu. Kuna jambo hapa watu hawalijui: aplikesheni iliyokuja na simu ikijiapdeti, toleo la kiwandani halifutiki, linabaki chini na jipya linakaa juu yake, kwa hiyo unalipia nafasi mara mbili kwa kitu ambacho pengine hujawahi kukifungua.

WhatsApp ndio ilikuwa kubwa. Alikuwa na magrupu 23, kikoba, wazazi wa shule, ukoo wa baba, ukoo wa mama, wauza vitenge wenzake, kwaya. Kila video ya asubuhi njema na kila mahubiri ya dakika kumi yanajishusha yenyewe. Video moja ya pikipiki iliyoanguka niliikuta mara sita kutoka magrupu sita.

Sasa kwa nini simu ikijaa inakuwa nzito na sio tu inakataa kuhifadhi? Hizi simu za bei ya chini zinatumia hifadhi ya aina ya eMMC, ambayo ni ya taratibu ukilinganisha na UFS ya simu za bei ya juu. Hifadhi ya namna hii haiwezi kuandika juu ya kitu kilichopo, lazima ifute sehemu kwanza ndio iandike. Ikiwa na nafasi wazi inafanya usafi huo kimyakimya. Ikijaa inakosa pa kugeukia, kila ukipiga picha inaanza kuhamisha vitu ndio ipate pa kuweka, wewe unaona skrini nyeusi. Ukiongeza na ile RAM ya kukopa, ambayo inaandika na kusoma humohumo kwenye hifadhi iliyojaa, ndio inakuwa balaa kabisa.

Tulichoamua na kwa nini

Kwanza bakapu, kabla ya kugusa chochote. Nikamfungulia Gmail yake mwenyewe, paswedi akachagua yeye na akaiandika kwenye daftari lake la nyumbani, namba ya simu ya kurudishia ni yake. Namba za wateja zote zikaingia huko. Chati za WhatsApp zikawekwa bakapu kila usiku, bila video, kwa sababu Google wanatoa GB 15 za bure na bakapu ya WhatsApp inahesabiwa humo pamoja na barua pepe na picha.

Pili nikazima RAM ya kukopa. Alishtuka, akadhani nampunguzia simu. Nikamweleza kwamba ile haijawahi kuwa RAM, na tukizima GB 2 zinarudi. Kwenye simu yenye hifadhi ya haraka na yenye nafasi pengine ningeiacha, kwa hii hapana.

Tatu WhatsApp. Tukazima upakuaji wa kiotomatiki kwa picha, video na sauti, bando na waifai pia. Tukaingia sehemu ya kudhibiti hifadhi, ile inayokuonyesha mafaili yaliyozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi, akakaa mwenyewe nusu saa anafuta. GB 8 zilitoka hapo peke yake. Nilisisitiza afute mwenyewe kwa sababu ndani yake kulikuwa na picha za risiti na za mizigo, mimi siwezi kujua ipi ni ipi.

Nne, memori kadi ya GB 64, 20,000, ya dukani sio ya kwenye sinia. Kamera nikaielekeza kuhifadhi kwenye kadi. Hapa niwe muwazi, kadi haiongezi kasi na WhatsApp haihamii kwenye kadi, watu wengi wananunua kadi wakitegemea hivyo wanaishia kulalamika. Kadi ni stoo. Inapokea picha na video, basi.

Tano, aplikesheni zisizotumika nikaziondolea apdeti na kuzizima. Aplikesheni za pesa tukatoa zote, akabaki na menyu ya kawaida, *150*00# ya M-Pesa inafanya kutuma, kupokea na kuangalia salio bila kuchukua nafasi yoyote kwenye simu.

Sita ndio ile iliyomkosesha doti 14. Simu hizi zina msimamizi wa betri mkali sana, na betri kudumu siku nzima ni kwa sababu pia ya huyo, anaua kila kilicho nyuma ya skrini. RAM ikiwa GB 2 anaua haraka zaidi. WhatsApp ikishauawa meseji haikulii mpaka uifungue mwenyewe. Nikaenda setingi, aplikesheni, WhatsApp, betri, nikaweka isizuiwe, halafu kwenye ile aplikesheni ya kampuni ya kusimamia simu nikairuhusu kujiwasha yenyewe. Nikamtumia meseji skrini ikiwa imezimwa dakika ishirini. Ikalia. Hii kazi ilichukua chini ya dakika moja.

Nikamlipisha 10,000.

Matokeo

Siku ile aliondoka na GB 14 wazi. Mwezi uliofuata alikuja kunionyesha, GB 13. Kamera inafunguka kwa sekunde mbili hivi, haiwezi kushuka zaidi ya hapo kwa kifaa hiki. Meseji zinalia. Betri sasa inaisha saa moja jioni badala ya usiku, ndio gharama ya kuiacha WhatsApp macho, akanunua pawabenki.

Mwezi wa kumi na moja ikaanguka, kioo kikapasuka, 45,000 pamoja na ufundi. Kilipatikana siku hiyohiyo kwa sababu ni modeli inayouzwa sana, spea zimejaa Kariakoo. Ingekuwa modeli isiyojulikana angesubiri wiki au angekosa kabisa.

Leo simu ina mwaka na kidogo, inafanya kazi.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kununua simu mpya ya bei nafuu kwa keshi, kwa hali yake, naona ulikuwa uamuzi mzuri. Najua mafundi wenzangu wengi wangemwambia chukua used, na kwa kasi na kamera used ile ingeipita hii mbali sana. Lakini used inahitaji mtu mwenye akiba ya betri na anayejua kukagua kioo kama kimeshabadilishwa na kama akaunti ya mwenye simu wa zamani imetolewa. Yeye hakuwa na akiba wala ujuzi huo.

Kosa lilikuwa kati ya zile mbili mpya. Tofauti ilikuwa 35,000. Kwa hiyo 35,000 angepata hifadhi mara mbili, na kwa kuwa mfumo unachukua karibu kiasi kilekile, nafasi ya kutumia ingetoka GB 20 kwenda zaidi ya 50. Aliokoa 35,000 akapoteza 70,000 kwenye oda moja, 20,000 kwa kuflashi, 20,000 ya kadi na 10,000 yangu. Kioo sikihesabu, simu yoyote ikianguka inapasuka. Hata bajeti yake ya 250,000 ilikuwa imepungukiwa 15,000 tu, na mzigo wa siku mbili ungeziba.

Lawama siwezi kumtupia yeye. Boksi lilimwambia nne, muuzaji hakumfafanulia. Ukiwa dukani usiulize RAM ngapi, waombe wafungue setingi ya simu iliyo mezani, sehemu ya kuhusu simu, uone RAM halisi na uone hifadhi iliyobaki kwenye simu ambayo haijawekewa kitu. Dakika mbili.

Kamera tatu nazo. Ile simu ilikuwa na moja inayopiga, MP 8, mbili zilizobaki tuliziziba kwa kidole tukapiga picha, haikubadilika chochote. Fanya jaribio hilo kabla ya kulipa. Rangi za vitenge zilikuwa zinatoka vibaya usiku chini ya taa, nyekundu inaenda kwenye machungwa na wateja wanarudisha mzigo, akaanza kupiga asubuhi mlangoni penye kivuli na malalamiko yakaisha, hakuna simu ya bei hiyo itakayompa rangi sahihi usiku.

Cha mwisho ambacho hatukukitatua na nilimwambia waziwazi. Simu hii inatumia Android ya Go, ile nyepesi ambayo Google waliitangaza 2017 kwa simu zenye RAM ndogo, na toleo alilonunua nalo ndilo atakalokufa nalo. Apdeti ya usalama ya mwisho iliingia mwezi wa tano tangu anunue na haijaja nyingine. Kwa hiyo tumekubaliana asiweke aplikesheni ya benki humo, asiguse linki za zawadi kwenye magrupu, na hela ikifika kiasi fulani kwenye simu anaihamishia kwa wakala kwenda kikoba jioni hiyohiyo.

Zamu yake ya mchezo inarudi mwezi wa tatu. Ameshaniuliza bei ya GB 128.